Sauti ya Nyuma

Kama kuna kitu Eulalie hakukiweza duniani, ni kunyamaza. Kwenye malewa yake, kibanda cha chakula pale Nyawera mjini Bukavu, watu hawakufuata fufu na sombe peke yake. Walifuata habari: nani kaachana na nani, padri gani kahamishwa, na hasa kwa nini. Viti kumi na viwili, watu ishirini, na katikati yao Eulalie na mwiko mkononi, mdomo haujapumzika tangu saa moja asubuhi. Kwa hiyo siku ya pili ya safari ya klabu yao ya baiskeli, walipoanza kupanda kutoka Nyangezi kuelekea Kaziba, kila mtu alishangaa kumwona anakanyaga baiskeli saa nzima bila neno.

Si kwamba hakuwa na la kusema. Alikuwa amekwisha kulisema, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Asubuhi, kwenye ua wa mapadri walikolala, wakingoja chai, alikuwa ameegemea ukuta na Gisèle na Pascal. Gisèle ni mkunga wa hospitali, mwanamke wa maneno machache. Pascal ni dereva wa taxi-moto, pikipiki ya kukodi, na yeye hucheka kabla hadithi haijafika mwisho.

"Munajua ya Adèle?" Eulalie akasema, akishusha sauti kidogo tu, kama mtu anayefunga mlango na kuacha dirisha wazi. "Ule muchumba wake wa Bagira? Ng'ombe zilirudi! Zote mbili! Batu ba kwao walizifuata na kamba mukononi, muchana kweupe. Zikapita barabara nzima zinalia, mmm, mmm."

Pascal akaangua kicheko. Gisèle hakucheka. Alikuwa anatazama juu ya bega la Eulalie, na Eulalie alipogeuka akamkuta Adèle mwenyewe, mwenzao wa safari, amesimama pale, mswaki mdomoni, taulo shingoni. Huko Bushi ng'ombe za mahari zikirudi, kilima kizima kinaziona zikipita, na hakuna haja ya mtu kuuliza. Adèle aliziona zikipita mara ya kwanza. Sasa alikuwa ameziona mara ya pili. Akatema povu chini, akasuuza mdomo, akaenda kufunga mizigo yake.

"Wewe na kinywa yako," Gisèle akasema.

"Nilijua iko hapo?"

"Kama ungejua, ungenyamaza?"

Eulalie akaenda kuulizia chai.

Mkubwa wa safari alikuwa Papa Cyprien, mwalimu mstaafu wa michezo, miaka sitini na miwili, miguu yake bado imekazana kama kamba ya kisima. Mara mbili kwa mwaka aliwatoa mjini watu wa klabu yake kwa siku tatu za kupanda na kushuka milima ya Bushi, wakila walichopikiwa vijijini, viazi na maharage na mashanza, ile jibini laini ya huko, wakilala kwa mapadri au kwa yeyote mwenye chumba. Baiskeli yeye aliiita kinga, kama Bukavu nzima, na sheria zake za kinga zilikuwa chache. Usimpite mtu kwenye mteremko. Usikatae ukikaribishwa. Usiache mtu.

Lakini hakuhesabu watu. Hapo alikuwa mgumu kabisa. Marehemu baba yake, mfugaji wa Walungu, hakuwahi kutaja idadi ya ng'ombe zake wala ya watoto wake, na watoto hawakuwa haba. Aliamini ukinyoosha kidole ukahesabu vyenye uhai, kuna kitu kinasikia, na kikishasikia kinakuja kupunguza.

"Papa, mimi nahesabu bakliya bangu kila siku," Pascal alimwambia wakati mmoja, akimaanisha abiria wake. "Mbona hawapunguke?"

"Pikipiki inabeba mutu mumoja, Pascal. Utahesabu nini?"

Basi badala ya kuhesabu, Papa Cyprien alitumia sauti. Njiani kila baada ya muda alipaza: "Nyuma?" Wa pili alimwuliza wa tatu, wa tatu akamwuliza wa nne, mpaka kwa wa mwisho, ambaye alijibu: "Niko!" Hapo jibu likarudi mbele kwa mdomo wa kila mmoja: "Bote! Bote! Bote!", yaani wote wapo. Miaka saba njia hiyo haikumpoteza mtu.

Siku ile mbele alikuwa Papa Cyprien, akafuata Gisèle, kisha Pascal, kisha Eulalie. Adèle aliomba mwenyewe kukaa wa mwisho.

"Niache nyuma, Papa," alisema, bila kumtazama mtu. "Leo sihitaji kuongea."

Barabara ya kupanda huko ni ya udongo mwekundu, imekatwa kwenye ubavu wa mlima. Kushoto ukuta wa udongo, kulia hewa. Ilikuwa Novemba, mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, na kila penye kona maji yalikuwa yamemega ukingo wa barabara kama mtu aliyeuma mkate. Walivuka mashamba ya mihogo, wakavuka migomba ya mwisho. Watoto wa mwisho wa kuwakimbilia walibaki chini. Saa sita na nusu wakafika kwenye kona ya mikaratusi, na hapo ukungu ukashuka.

Haukuja polepole. Ulianguka. Eulalie alikuwa anaona mgongo wa Pascal, shati la njano, halafu akaona rangi ya njano bila Pascal, halafu hakuona hata rangi.

"Nyuma?" ikaja sauti ya Papa Cyprien kutoka mbali mbele, ikapita kwa Gisèle, ikapita kwa Pascal.

"Nyuma?" Eulalie akaita juu ya bega.

"Niko." Fupi, kavu. Adèle.

"Bote!"

Wakaendelea kupanda. Baridi iliingia kwenye mikono. Nusu saa baadaye, walipofika kwenye jiwe kubwa lililopasuka katikati, wito ukaja tena.

"Nyuma?" Eulalie akaita.

"Niko!"

Sauti ilikuwa nzito.

Tusimsingizie Eulalie kwamba hakusikia. Mwanamke huyu hutambua sauti ya mteja kupitia ukuta wa mbao, mafuta yakiwa yanachemka. Alisikia. Kichwa kikatafuta haraka la kusema: ni baridi. Ni mafua. Ni hasira, hasira nayo hukausha koo. Kugeuka kungekuwa kusimama, na kusimama kungekuwa kumngojea Adèle atokeze kwenye ukungu na kumtazama usoni, wawili peke yao, bila Pascal wa kucheka. Akakanyaga pedali.

"Bote!" akapaza mbele.

Kwenye zizi la zamani la ng'ombe, karibu na kileleni, wito ukaja mara ya tatu. "Niko!" ikajibu sauti ileile nzito, karibu zaidi, na nyuma yake Eulalie akasikia kitu kikicheza ndani ya bidon, dumu la plastiki, chubwi, chubwi. Adèle hakuwa na bidon. Eulalie akaongeza mwendo kama aliyefukuzwa.

"Bote!"

Juu kabisa kulikuwa na nyumba ya Maman Marie-Louise, mjane anayewauzia chai wapita njia. Wakaegemeza baiskeli kwenye uzio bila kuzitazama, wakajazana ndani kwenye moshi na joto, kila mtu akilalamikia vidole vyake.

"Ingieni, ingieni, banangu, mutakufa!" Maman Marie-Louise aliwasukuma kuelekea motoni. Akamimina vikombe vitano, na mikono mitano ikavipokea. Hakuna aliyeona ajabu. Vikombe vilitosha.

Mkono wa tano ulikuwa wa mtu mrefu mwenye koti la mvua na kofia iliyomfunika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amekaa karibu na mlango, kando ya Eulalie. Alikunywa chai yake haraka, akaweka kikombe chini, akainama kwake na adabu zote.

"Koko, dada yangu," akamshukuru kwa Kishi, lugha ya Bushi, kwa sauti ile nzito. "Mulinisaidia. Nilitokea ku njia ya pembeni na bidon zangu za kasiksi, ukungu ikanifunika, sioni hata mukono. Halafu nasikia unaita. Kila mara uliita, niliitika. Njo nilijua barabara iko wapi." Akacheka kidogo. "Mimi ni Aloys, wa Bugandja. Ukipita, uliza."

Akatoka. Eulalie akasikia pombe yake ya ndizi, chubwi, chubwi, ikishuka kwenye njia ya mkato nyuma ya nyumba, mpaka ikaisha.

Kikombe kilikuwa mkononi mwake na hakulisikia joto lake. Papa Cyprien alikuwa anakausha soksi. Pascal alikuwa anamtania Maman Marie-Louise kwamba akikosa mke Bukavu atarudi amwoe yeye. Eulalie akajua, peke yake katika nyumba ile iliyojaa watu, kwamba Adèle yuko chini kwenye ukungu tangu kwenye jiwe, labda tangu kabla ya jiwe.

Aseme. Neno moja tu. Lakini baada ya neno hilo lingekuja swali: hukusikia kwamba ni mwanaume? Na wote walijua ya asubuhi. Wangesema alimwacha makusudi. Yeye mwenyewe, kama ingekuwa ya mtu mwingine, angelisema hivyo hivyo kesho kwenye malewa, na angelisema vizuri.

Gisèle ndiye aliyeinua kichwa. "Adèle iko wapi?"

Pascal akatazama mlangoni. "Si alikuwa hapa? Kikombe..."

"Ile ilikuwa ya ule papa wa bidon," Gisèle akamjibu.

Papa Cyprien akasimama na soksi moja. Akatoka nje, wakamsikia anatembea kando ya uzio, akigusa baiskeli moja moja. Alirudi uso umebadilika. "Kinga yake haiko. Eulalie. Yeye alikuwa nyuma yako. Mara ya mwisho ulimusikia wapi?"

Macho yote yakamgeukia.

"Ku zizi," Eulalie akasema. "Aliitika ku zizi. Ni yeye."

Ilitoka laini, kama uongo wote unaotoka kabla mtu hajaamua. Papo hapo alitaka kuushika mkia na kuurudisha, lakini Papa Cyprien alikuwa tayari anavaa viatu. Kutoka kwenye zizi mpaka hapa haikuwa hata kilomita. Atakuwa ameteleza hapo karibu. Simu hazikuwa na mtandao. Saa ilikuwa nane na robo.

Wakarudi kwenye zizi kwa miguu, wakikokota baiskeli na mizigo yao. Wakaita. Ukungu ulichukua jina la Adèle na kulimeza bila kulirudisha. Pascal alipita upande wa juu, kwenye majani marefu. Gisèle alipita kando ya barabara, akiinama kila palipomomonyoka. Eulalie aliita kwa sauti kuliko wote, na kila alipoita aliona haya, maana alijua anaita mahali pasipo na mtu. Alijiambia: dakika kumi, halafu nitasema. Dakika kumi zikapita. Akajiambia: tukimaliza upande huu.

"Kama ameanguka na damu inatoka," Gisèle akasema, si kwa mtu, "baridi hii haitamungojea."

Saa tisa ikapita. Chini ya zizi kulikuwa na korongo, mteremko wa udongo laini unaoshuka mahali usipoona mwisho. Papa Cyprien akasimama ukingoni, akanusa hewa, akaanza kufungua kamba za mizigo na kuziunganisha. Akajifunga kiunoni.

"Papa, hapana," Pascal akasema. "Niache mimi."

"Wewe uko muzito. Mimi sina kilo. Shika."

Akashuka kinyumenyume. Kwanza miguu, kisha kiuno, kisha kichwa chenye mvi, kisha ukungu. Waliona kamba tu, ikikaza na kulegea mikononi mwa Pascal. Chini sauti yake iliita kwa utulivu, kama anaita darasani: "Adèle? Adèle, mama?" Halafu udongo ukatoa mlio mzito, kamba ikavutika ghafla, na Pascal akaburutwa mita nzima kwa tumbo mpaka miguu yake ilipokwama kwenye nguzo ya zizi.

"Papa!"

"Niko," ikasema sauti kutoka chini. "Mawe imetoka. Ongeza kamba."

"Hapana!" Eulalie akapiga kelele. "Mumupandishe! Haiko huko! Adèle haiko huko!"

Pascal, uso kwenye matope, akageuza shingo. Gisèle alikuwa ameshika kamba naye. "Namna gani unajua?"

"Mumupandishe kwanza."

Wakamvuta. Papa Cyprien alitokeza amepoteza kiatu kimoja, goti linavuja damu. Akakaa chini, akapumua, akamtazama Eulalie. Hakuuliza. Alingoja, na kungoja kwake ndiko kulikomshinda.

"Haikuwa yeye ku zizi," Eulalie akasema. "Haikuwa yeye hata ku jiwe. Ni ule papa wa bidon aliitika. Adèle aliitika mara moja tu, ku mikaratusi. Kisha pale alikuwa ni ule papa."

"Ulijua wakati gani?"

"Aliniambia mu nyumba." Angeweza kuishia hapo. "Lakini nilisikia kabla ya pale. Ku jiwe nilisikia ni sauti ya mwanaume. Sikugeuka, Papa. Juu ya ile ya asubuhi. Sikutaka kumuona."

Gisèle alitazama saa yake, na hilo lilikuwa baya kuliko tusi.

Papa Cyprien akafungua kamba kiunoni. "Pascal, kimbia Bugandja. Leta wanaume na kipoyi. Waambie ku mikaratusi. Gisèle, sanduku yako ya dawa." Akasimama kwa mguu mmoja wenye kiatu. "Eulalie, wewe utatangulia. Njo wewe unajua."

Eulalie hakuwahi kushuka hivyo maishani. Matope yalimrukia machoni, breki za nyuma zikalia kama mbuzi, na kila kona ilitokea ghafla, upande wa kushoto ukiwa mweupe mtupu. Alipita jiwe lililopasuka. Nyuma yake alisikia pumzi za Gisèle, na nyuma zaidi Papa Cyprien akikohoa. Hakuna aliyemwambia apunguze. Harufu ya mikaratusi ikamjia kabla ya miti yenyewe, akashika breki zote mbili, akateleza ubavu, akaanguka, akainuka.

Hapo hapo, mita ishirini juu ya kona, alama ya tairi moja ilikuwa imechorwa kwenye matope, nyembamba, safi. Haikufuata barabara. Ilienda moja kwa moja mpaka ukingoni, na ukingo haukuwepo tena.

Wakati ule Eulalie alikuwa amepita hapo. Alikuwa mbele ya Adèle kama mita kumi na tano, akinyamaza.

"Adèle!"

Matone yalidondoka kutoka kwenye majani.

"Adèle! Ni mimi! Itika basi, hata ukinitukana!"

Wakanyamaza wote watatu. Kisha kutoka chini, ndogo kama mdudu, ikaja: ting. Kimya kirefu. Ting. Ilikuwa kengele ya baiskeli, inapigwa na kidole kisicho na nguvu.

Alikuwa mita nane hivi chini, amezuiwa na kichaka kizito, baiskeli imemlalia. Gisèle alishuka kwanza, akikamata mizizi, Eulalie akamfuata bila kungoja ruhusa. Mguu wa kushoto wa Adèle ulikuwa umelala upande ambao mguu haulali. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. Damu kwenye suruali ilikuwa imekwisha kuwa nyeusi, na mwili wote ulikuwa umelowa.

"Saa ngapi?" Adèle akauliza.

"Karibu saa kumi," Gisèle akamjibu, mikono tayari inafanya kazi, mkasi, bandeji, vijiti viwili. "Usisogee. Uko baridi sana. Usilale, unasikia? Ukilala nitakupiga." Akageuza kichwa. "Eulalie! Muongeleshe. Wewe si unajua kuongea? Ongea!"

Eulalie akapiga magoti kwenye matope. Akavua koti lake, akavua na sweta, akamfunika. Akafungua mdomo. Kwa mara ya kwanza maishani, ndani hamkuwa na kitu.

Wanaume wa Bugandja walifika kabla ya saa kumi na moja, tisa au kumi, pamoja na Pascal. Walibeba kipoyi, kitanda cha miti na kamba ambacho kila kijiji cha huko kina chake kwa ajili ya wagonjwa. Huko mlimani mgonjwa habebwi na watu wake peke yao. Mwanaume yeyote atakayekutana na kipoyi njiani ataweka bega lake mpaka mahali pa kupokezana, hata kama alikuwa anaenda upande mwingine. Mtu wa kwanza kushuka na kamba alikuwa na koti la mvua. Alipomwona Eulalie akasimama.

"Dada. Ni mimi niliitika," akasema Aloys. Uso wake ulikuwa umesawajika. "Kwetu mutu akiita mu ukungu unaitika, hata humujue. Sikujua unaita mutu wako. Kama ningejua..."

"Haukukosa kitu, papa. Kamata hapa."

Wakampandisha. Wakajipanga bega kwa bega, wakaanza safari ya kituo cha afya, saa moja na nusu kwa mwendo wa haraka. Eulalie alitembea kando ya kichwa cha Adèle, mkono juu ya mti wa kipoyi, na hapo maneno yakarudi. Akaongea. Akamweleza juu ya padri aliyehamishwa kwa sababu ya kuku, juu ya mteja aliyekula sahani nne na kusema chakula hakimpendezi. Wabebaji walicheka kwenye giza la ukungu, wakabadilishana mabega, wakacheka tena. Kila macho ya Adèle yalipoanza kufunga, Eulalie alipaza sauti.

"Nilikusikia," Adèle akasema ghafla.

Eulalie akakata hadithi katikati.

"Nilipoanguka pumzi ilikatika, nikaweza kupiga kelele kisha. Mulikuwa mumepita. Halafu nikasikia Papa anaita, huko juu, ngambo ya bonde. Nikasema, aa, sasa watajua. Nikasikia mutu anasema niko." Alipumua kwa shida. "Na wewe ukasema bote. Nilisikia vizuri, Eulalie. Bote. Nikajisemea, kumbe wanaweza kuwa bote na mimi niko hapa."

Mabega ya wabebaji yalipanda na kushuka. Hakuna aliyecheka sasa.

"Nilijua haiko sauti yako," Eulalie akasema.

"Mara ngapi ulijua?"

"Mara mbili."

"Na kule juu? Walipouliza?"

Angalau Papa Cyprien alikuwa nyuma sana asisikie tena. Lakini Aloys alikuwa chini ya mti wa mbele, na masikio yake yalikuwa mazuri. "Nilidanganya. Nilisema uliitika ku zizi. Wakakutafuta saa nzima fasi haukuwa. Papa Cyprien angekufa mule."

Adèle alifunga macho. Eulalie akashikwa na hofu, akamtikisa bega.

"Silali," Adèle akasema, macho yamefungwa. "Endelea."

"Kusema nini?"

"Gisèle alisema uongee. Ongea."

Basi akaongea mpaka kwenye kituo cha afya, na hakujua alichokuwa anasema.

Muuguzi wa zamu aliwafungia mlango usoni. Wakabaki barazani kwenye benchi moja, Papa Cyprien na soksi yake ya matope, Pascal, na Gisèle aliyekuwa anaingia na kutoka. Wanaume wa Bugandja walikunywa maji, wakakataa kukaa, wakaondoka na kipoyi chao. Kati ya Eulalie na Pascal kwenye benchi ilibaki nafasi ya mtu mmoja, na haikujazwa.

"Ni mimi," Papa Cyprien akasema, akitazama mikono yake. "Ningehesabu. Mutu mukubwa kama mimi, na mambo ya baba yangu. Nitawaambia watu ba klabu hivyo."

Ilikuwa zawadi, na aliitoa mbele ya wote. Eulalie angeweza kuipokea na kuinamisha kichwa.

"Hapana, Papa. Ungehesabu ku nyumba, na ungehesabu tano. Mimi njo nilijua." Akawatazama Pascal na Gisèle mmoja mmoja. "Mutasema Nyawera vile ilikuwa. Ama nitasema mwenyewe. Nitasema mwenyewe."

"Watu watahama malewa yako," Pascal akasema. Hakuwa anatania.

"Wahame."

Mlango ukafunguka. Muuguzi, kijana mwenye miwani, alikuwa anafuta mikono. Mguu umefungwa, akasema. Joto la mwili linapanda. Gari la kumpeleka Bukavu litapatikana kesho kama mvua itakubali. Leo usiku anahitaji garde-malade, mtu mmoja tu, wa kukaa naye, kumpa maji, kumwamsha kila saa.

Gisèle akashika mkoba wake. "Niko tayari."

"Samahani, maman," muuguzi akasema. "Mugonjwa amechagua. Anataka ule anaongeaka sana." Akawapitia wote kwa macho, akasita, kama mtu aliyetumwa ujumbe asiopenda kuufikisha. "Anasema hajamaliza naye."

Eulalie akasimama. Hakuna aliyemwambia pole wala aliyemzuia. Akaacha viatu mlangoni, akaingia.